Mjane wa Mtu Aliye Hai

Kezia Pask alikuwa mjane kwa miaka ishirini na ushee kabla mumewe hajafa. Pale Brasworth, kijiji cha Suffolk huko Uingereza, jambo hili halikuwa siri. Wanaume walilijua, wake zao wengi walilijua kwa kunong'onezwa kitandani, na wasiolijua walikuwa Kezia mwenyewe pamoja na makasisi waliopokezana kanisa la pale bila kuambiwa na mtu.

Alizaliwa katika nyumba ya mtunza farasi, akapelekwa kutumika kwa mkulima mkubwa angali mtoto, na huko ndiko alikojifunza kufua, kutia wanga na kupiga pasi mpaka kola ikasimama yenyewe. Hakuwa mzuri wa sura wala hakujisumbua kuwa hivyo. Alikuwa na shingo ndefu na mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Wasichana wenzake walimwita Bibi Mkubwa kwa kejeli, naye akiitika.

Amos Pask alimpata kwa kumchekesha. Alikuwa pande la mtu, mlimaji wa jembe la farasi, mwenye tabia ya kupiga mluzi mdogo kwa meno hata akila, kama birika linalokaribia kuchemka. Walipanga chumba na jiko kwenye safu ya nyumba za vibarua, wakapata mtoto mmoja wa kike ambaye hakuiona Krismasi yake ya kwanza. Hawakupata mwingine.

Sasa, Suffolk ya wakati ule mavuno yakiisha, kazi nayo imekwisha. Mwenye shamba hawezi kulisha mikono isiyo na la kufanya, kwa hiyo wanaume wenye mabega hupanda treni kwenda Burton, kwenye viwanda vya bia, kugeuza kimea cha shayiri kwa makoleo katika vyumba vyenye joto tangu Septemba mpaka Mei. Huko hulala nyumba za kupanga, wawili wawili kitandani. Mei wanarudi wamevaa suti mpya za kahawia na buti zinazolia, kila mmoja na zawadi ya mkewe kwapani, na kijiji kizima hutoka kwenda stesheni kuwapokea. Amos alikwenda misimu kadhaa, akarudi kila mara. Msimu wa mwisho aliondoka mwaka 1903.

Mei iliyofuata Kezia alisimama stesheni na aproni safi, iliyotiwa wanga. Wanaume walishuka. Suti zilikuwa nyingi na hakuna iliyokuwa na Amos ndani yake. Jabez Crick, aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja kule Burton, alimwona pale langoni, akasimama, akageuza kofia mkononi.

"Amos yuko wapi?" Kezia akauliza.

"Homa, Kezia," Jabez akasema. "Ilimchukua Februari. Tulimzika kulekule. Barua tuliona haifai, tukasema tuje wenyewe."

Na wanaume wote waliokuwa nyuma yake wakavua kofia.

Kezia hakulia pale stesheni. Alirudi nyumbani, akawasha moto chini ya sufuria kubwa la kufulia, akatia rangi nyeusi, akazamisha humo kila nguo aliyokuwa nayo, hata gauni la kijivu la harusi yake. Majirani walimkuta akikoroga kwa mti na mikono imekuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Hapo ndipo alipolia, na alilia kiangazi kizima. Mapazia yake yalifungwa, watu walileta keki na pole zao, kasisi akamsomea marehemu ibada bila jeneza, na wanaume wa Burton wakaimba sauti ya chini, ile nzito ya wanaume, huku wamekaza macho kwenye vitabu vya nyimbo.

Brasworth kuna mkate wa wajane. Zamani za mababu wa mababu, Bi Alys Thurlow, mwanamke mwenye mali aliyefiwa na waume wawili, alipokuwa akikata roho aliliusia kanisa shamba moja la ngano. Kodi ya shamba lile ilipe mikate mikubwa ya unga mweupe na vipande vya kitambaa cheusi cha sufu, kwa wajane kumi na wawili wa kijiji, kila Jumapili ya Pentekoste. Na akaweka sharti: asiwepo mtu wa kuwakabidhi. Mikate ipangwe juu ya jiwe la kaburi lake, lililo sakafuni mwa kanisa, na kila mjane ainame auchukue wake kwa mkono wake. Kasisi anaita, "Fulani, mjane wa fulani." Mwanamke anajibu, "Amepumzika." Anainama, anachukua, anarudi kwenye benchi la mbele lililo la wajane peke yao.

Watu wa huko wana kitenzi cha kutoa kinachomtaka mtoaji awe maiti. Unaweza kumpa jirani yako yai, kumgawia mtoto tonge, kumkabidhi tajiri farasi wake, na yote hayo ukayafanya ukiwa hai na shavu jekundu. Lakini kuusia ni kwa anayekwenda zake. Neno hilo ukilitamka halafu ukapona, limebatilika, na watu watakucheka. Ndiyo maana mkate wa Bi Alys haukumwinamisha mtu shingo. Hakuwepo mtoaji wa kukutazama usoni ukipokea.

Nafasi ilipopatikana, kwa kufa bibi mmoja mzee, kasisi wa wakati ule alimwendea Kezia. Kezia hakutaka. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mikono ya kufulia alikuwa nayo.

"Mimi si ombaomba, Bwana Kasisi."

"Si sadaka, Bibi Pask. Ni haki ya mumeo aliyekufa."

Kwa ajili ya Amos, akaenda. "Kezia, mjane wa Amos." Sauti yake ya kujibu mara ya kwanza ilikatika katikati ya neno. Mwaka wa pili haikukatika.

Tangu hapo alikuwa mtu. Alifua kwa kasisi na kwa mwenye shamba, majira ya kuokota mawe mashambani aliokota na wenzake mgongo ukimuuma, na mkate ule kwa kweli ulisaidia wiki moja tu. Lakini benchi lilimsaidia mwaka mzima. Wajane wa Brasworth wakiingia kanisani, watu husimama. Watoto huambiwa wanyamaze. Kezia, kwa ile shingo yake na ule mwendo, alilifanya benchi lile liwe kitu cha kutazamwa, na baada ya muda akawa kama mkuu wake, anayeamua nani akae wapi.

Vita Vikuu vilipokuja, vijana wa Brasworth walikwenda Ufaransa na wajane wakazidi nafasi. Kezia ndiye aliyekuwa akienda nyumba kwa nyumba kuwapa pole waliofiwa. Aliwafundisha wasichana wa miaka ishirini namna ya kuinama bila kuyumba, na namna ya kulitamka lile neno mbele ya watu.

"Vuta pumzi kabla hajamaliza kukuita," alimwambia Ellen Sawyer, aliyekuwa na mtoto kiunoni. "Usimtazame mtu. Tazama mkate. Sema neno kama unamwambia mtu ni saa ngapi."

"Wewe uliwezaje, Bi Kezia?"

"Mimi nilimpenda wangu. Sikutaka jina lake litoke limevunjika."

Wengine walingoja zamu. Phoebe Lambert, aliyefiwa na mume na kaka katika wiki moja, alingoja mpaka kifua kikamchukua, hakuwahi kuugusa ule mkate. Kezia alishona sanda yake.

Basi ikawa hivyo miaka yote, mpaka majira ya baridi ya 1926 Jabez Crick alipofariki, kitandani kwake, baada ya kuugua sana. Mkewe Selina alimwosha mwenyewe. Selina alikuwa mwanamke wa maneno mafupi, mwenye nyumba iliyojaa wajukuu, na alipokwenda kwa kasisi kuulizia benchi, aliambiwa nafasi zote kumi na mbili zina watu.

Ilikuwa wiki ya Pentekoste, Mei inaisha, wanaume wameshashuka kutoka Burton, wanawake wapo kwenye bomba la maji. Kezia alimwona Selina, akamsogelea kwa wema.

"Nimesikia, jirani. Usijali. Mwaka huu utakaa nyuma, lakini nitakukatia nusu ya wangu."

Selina aliendelea kusukuma mpini wa bomba. "Nusu ya upi?"

"Ya mkate wangu. Wa Amos."

"Wa Amos," Selina akasema. Akaacha mpini. "Kezia, mimi nimezika. Nimemfunga mume wangu kidevu kwa leso yangu. Wewe ulimfunga nani?"

"Wangu alizikwa ugenini, unajua. Mumeo ndiye aliyeniletea habari."

"Mume wangu alikuwa na kinywa chepesi na moyo mwepesi zaidi, Mungu amrehemu. Nimemnyamazia miaka yote kwa sababu alikuwa wangu. Sasa hayupo. Waulize wanaorudi kila Mei. Muulize Reuben Tricker kule Burton analala nyumba ya nani."

"Selina," akasema mwanamke mmoja kwa nyuma, "ndoo yako imejaa."

"Naiona. Na Phoebe Lambert alikufa akingoja benchi, hilo nalo nililiona."

Alijitwika maneno yake na ndoo zake akaenda. Kezia aliwatazama waliobaki. Hakuna aliyeuliza Selina ana maana gani. Hilo ndilo lililomwambia. Wanawake sita kwenye bomba wasiulize kitu.

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja shamba la nyuma ya kinu cha kusagia, ambako Reuben Tricker alikuwa akipalilia mabiti, viazi vile vya sukari, mtu mzima wa miaka arobaini na zaidi, mwenye haya tangu utotoni.

"Reuben, Burton unalala nyumba ya nani?"

"Nyumba ya kupanga tu, Bi Kezia. Kuna kitanda, kuna chai."

"Nimeuliza ya nani."

"Ya mama mmoja." Jembe lake likang'oa biti zuri badala ya magugu. "Mama na bwana wake."

"Huyo bwana anapiga mluzi akila?"

Reuben alisimama. Alitazama kijijini, kama atakayemwona mtu wa kumsaidia. "Nani kakwambia?"

"Wewe, sasa hivi."

Akaketi chini kwenye tuta, mtu mzima yule, na maneno yakamtoka. Amos alikuwa amehamia kwa mama mwenye nyumba ile ule msimu wa mwisho. Wenzake walimsema, akacheka. Walimsema tena, akalia, lakini hakuja. Kwenye treni walikubaliana waseme amebaki kwa kazi ya kiangazi, ili apate nafasi ya kurudiwa na akili.

"Basi tukashuka, na Jabez akakuona na ile aproni. Hakuna aliyemtuma, Bi Kezia. Kinywa chake kilisema chenyewe. Mimi ulikuwa mwaka wangu wa kwanza, nilivua kofia kwa sababu wengine walivua. Na kofia ukishaivua kwa ajili ya maiti, huivai tena ukasema ulikuwa mzaha."

"Kwa hiyo nyote mlijua."

"Tuliokwenda Burton, ndiyo."

"Na kila Pentekoste mmekaa upande wenu mkinitazama nainama."

"Hatukukutazama. Tulitazama sakafu. Hukuona?"

Alikuwa ameona. Miaka yote aliziona zile suti za kahawia zimeinamisha vichwa anapopita, na alizidi kunyoosha shingo.

"Nilidhani ni heshima," akasema.

"Ilikuwa heshima," Reuben akasema. "Haki ya Mungu, ilikuwa. Tulisema aliyekufa anaacha jina zuri. Huyu angekuachia nini? Tukaona heri tukupe ujane kuliko ile nyingine."

"Ipi nyingine? Sema."

Reuben alilirudisha lile biti kwenye shimo lake.

"Na nani kati yenu alikuwa na ujane wa kunipa, Reuben?"

"Bi Kezia, yamepita. Jumapili chukua mkate wako. Selina tutamchangia, atanyamaza. Kasisi ni mgeni hata hajui Burton iko wapi."

Kezia aliondoka. Siku zilizobaki alifua kama kawaida, na aliyepita dirishani alimwona akipiga pasi shuka za kasisi, kona kwa kona. Alichokuwa akikipima kilikuwa kimoja tu. Akiinama Jumapili, atabaki na benchi, na watu kusimama anapoingia, na jina la mke aliyependwa mpaka kifo. Hakuna hata mmoja atakayemnyang'anya. Kijiji kizima kilikuwa tayari kuendelea kutazama sakafu. Asipoinama, atakuwa nani? Mke aliyeachwa kwa mama mwenye nyumba ya kupanga, tena mwenye miaka hamsini na kitu, tena wa mwisho kujua. Machozi yale ya kiangazi kizima nayo, aliyatoa kwa nani? Aliyekuwa akililiwa alikuwa Burton, ameshiba, anapiga mluzi.

Mara mbili alifika kwenye lango la kasisi ili amweleze faraghani, na mara mbili akageuka. Alikuwa amelitamka lile neno mbele ya watu, kila mwaka, kwa sauti safi. Halikuwa neno la kufutwa chumbani, kati ya vikombe vya chai.

Jumapili kanisa lilijaa. Mikate ilikuwa juu ya jiwe, imepangwa, bado ina harufu ya tanuri. Wajane walikuwa kwenye benchi, Kezia mwanzoni, mweusi toka kofia hadi viatu. Selina Crick alikaa nyuma na wajukuu wake, hakuinua uso. Waliitwa mmoja mmoja. Ellen Sawyer, mjane wa Harry, alijibu kama alivyofundishwa, kama mtu anayetaja saa.

"Kezia, mjane wa Amos."

Kezia alisimama, akaenda mpaka kwenye jiwe. Hakuinama. Aliutazama mkate, akavuta pumzi.

"Hajapumzika," akasema.

Kasisi, aliyekuwa kijana na mgeni, alidhani hakusikia vizuri, akaita tena.

"Nimesema hajapumzika. Amos Pask yu hai, yuko Burton. Mimi si mjane wa mtu. Nimekula mkate huu miaka yote hii na haukuwa wangu. Sikujua. Walikuwepo waliojua." Hakugeuka upande wa wanaume. Hakuhitaji, viatu vilisikika vikisogea sakafuni.

Kisha akageuka ili akakae, na hapo ndipo alipogundua hana pa kukaa. Benchi la wajane halikuwa lake tena. Benchi la akina Pask, alilokaa na Amos, lilikuwa limepewa watu wengine zamani. Mabenchi ya wake yalikuwa na wake, kila mmoja na familia yake, na hakuna kanisani humo kiti cha mwanamke ambaye mumewe hajafa wala hayupo. Reuben Tricker alinyanyuka kumpisha kwenye upande wa wanaume. Kezia alimpita. Alikwenda nyuma kabisa, kwenye kamba ya kengele, akasimama wima hapo mpaka ibada ikaisha, na watu walisikia wimbo wa mwisho ukiimbwa na sauti za juu tu, za wanawake.

Mlangoni kasisi alimletea ule mkate, ameushika kwa mikono miwili.

"Bibi Pask, tafadhali. Ni mkate tu."

"Si mkate tu, Bwana Kasisi. Ungekuwa mkate tu ningenunua kwa mwokaji."

Ellen Sawyer alimngoja kwenye njia ya makaburini. Alikuwa ameshika mkate wake, analia. "Ni wewe uliyenifundisha kusema," akamwambia, na haikujulikana kama analaumu au anashukuru.

"Nilikufundisha vizuri," Kezia akasema. "Wako alikufa kweli."

Nafasi wazee wa kanisa walimpa Selina. Ilikuwa haki na Kezia alisema hivyo kwa kila aliyemuuliza. Selina mwenyewe alikuja mlangoni jioni moja ya mavuno, akasimama, mikono ndani ya aproni.

"Nilitaka benchi," akasema. "Sikutaka usimame kwenye kamba."

"Ulitaka benchi, umepata. Ingia au funga mlango, upepo unasumbua moto."

Aliingia. Walikaa wakinywa chai. Lakini wengine hawakujua wamwite nani. Waliokuwa wakisema "Bi Kezia wetu" sasa walisema "habari za asubuhi" na kuharakisha. Gauni jeusi aliendelea kulivaa kwa sababu hakuwa na jingine. Yote yalikwisha kuzamishwa rangini. Watoto walipompita wakiwa na kelele zao, hakuna aliyewanyamazisha.

Septemba wanaume wakafunga virago. Kezia alimkuta Reuben stesheni.

"Mwambie kitu kutoka kwangu."

"Nimwambie nini, Bi Kezia?"

"Mwambie nilimzika vizuri. Alisomewa na akaimbiwa. Nguo zangu nilizitia rangi zote, hata zile nzuri. Mwambie alikuwa na mjane asiye na doa, na kwamba hanidai kitu."

"Hakuna zaidi?"

"Yeye ndiye aliyekuwa na zaidi, hakuleta."

Mei iliyofuata Reuben alikuja mlangoni kwake na suti mpya, kabla hajafika kwake mwenyewe. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Nilimwambia," akasema. "Siku ileile tulipofika, mezani. Kwanza alicheka. Alisema, 'Nani aliniimbia?' Nikamtajia. Akasema Jabez hakuwahi kuishika sauti ya chini. Halafu akauliza kama ulilia."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nilikuwepo. Nikasema kiangazi kizima. Akaacha kula, Bi Kezia. Akatoka uani, na sikumsikia akipiga mluzi tena mezani." Reuben aliitazama kofia yake. "Februari kifua kilimbana. Amekufa kweli safari hii. Nimelishika jeneza kwa mkono wangu."

"Nani alimwosha?"

"Yule mama."

"Vizuri?"

"Sijui. Alilia sana."

"Ndiyo," Kezia akasema. "Yeye machozi bado alikuwa nayo."

Reuben alipoondoka, alifunga mapazia, kama nyumba ya huko inavyofunga ikifiwa. Alikaa gizani mchana ule akingoja, lakini machozi hayakuja. Alijaribu kuukumbuka uso wa Amos, akaupata uso wa yule aliyemzika mwenyewe moyoni zamani, kijana, mcheshi. Huyu mzee wa Burton mwenye kifua kibovu hakumjua. Hakuja mtu na keki. Keki na pole za Amos zililetwa mwaka 1904, na wengi wa waliozileta walikuwa makaburini.

Siku ya pili aligonga mke wa jirani, msichana aliyeolewa pale juzijuzi.

"Bi Pask? U mgonjwa? Naona mapazia."

"Si mgonjwa. Nimefiwa."

"Maskini. Na nani tena?"

"Na mume wangu."

"Aaa," akasema yule msichana. "Huyo." Akasimama kidogo, akatazama kuku wake, akarudi zake.

Siku ya tatu alikuja kasisi. Habari ilikuwa imemfikia, na alikuwa kijana mwema. Alimwambia kwamba sasa hakuna shaka yoyote, ana haki kamili ya mkate wa Bi Alys, na jina lake litarudishwa mara nafasi itakapopatikana.

"Itapatikana lini?"

"Nafasi zimejaa kwa sasa, Bibi Pask. Ni lazima mmoja wao… unafahamu. Ndivyo alivyousia Bi Alys mwenyewe."

"Yaani ningoje mwenzangu afe ndipo nami nihesabiwe nimefiwa."

Kasisi akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Sikulaumu," Kezia akasema. Alinyanyuka, akaenda dirishani, akafungua mapazia, maana kikapu cha nguo chafu kilikuwa pale sakafuni tangu Jumamosi. "Shuka zako zitakuwa tayari Alhamisi."